Mwanafunzi wa Mbinga, Anza na Kalenda Kabla ya Mtaji

Wanafunzi wenzangu wa Mapera na vijiji vya jirani wakisikia kwamba wakati wa likizo nauza maharage na dagaa, swali lao la kwanza ni mtaji: nilianza na shilingi ngapi, na nani alinipa. Ni swali la haki, ila linatangulia mahali pasipo pake. Kabla yake kuna mengine mawili. Fedha huwa mikononi mwa watu mwezi gani? Na wewe unakuwa nyumbani mwezi gani? Majibu hayo mawili yakikutana, mtaji mdogo hutosha. Yasipokutana, hata mtaji mkubwa huliwa wote.

Nawaandikia wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita na wanasubiri chuo, wenzangu tulio vyuoni tunaorudi nyumbani kila likizo ndefu, na wazazi wanaojiuliza kama biashara itamharibia mtoto masomo. Nitatumia biashara ninayoijua, ya kushuka Ziwa Nyasa na maharage na kupanda milimani na dagaa. Anayekaanga maandazi, anayeuza mitumba au anayefuga kuku atapata ya kwake humu pia.

Kalenda tatu unazopaswa kuzijua

Kalenda ya kwanza ni ya kahawa. Hapa kwetu arabika ndiyo inayojenga nyumba, inayolipa ada na inayooza binti. Uvunaji huanza kuchangamka Mei na Juni, ukaendelea hadi Septemba au Oktoba kutegemea mlima na mvua. Lakini siku ya kuvuna si siku ya kulipwa. Mkulima huchuma, hukoboa, huosha, huanika, kisha hupeleka kahawa yake AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikapimwa. Kutoka hapo mzigo huingia mnadani, na malipo hurudi baadaye, mara nyingi kupitia akaunti. Mfanyabiashara mgeni huona kahawa imeanikwa kwenye vichanja kila ua, akadhani kijiji kimejaa fedha. Hujaza mzigo mapema, akakuta wateja wanataka bidhaa na hawana cha kulipa, akaanza kukopesha. Aliyeuliza kwa katibu wa AMCOS malipo yanatarajiwa lini hujipanga kwa siku hiyo.

Baada ya msimu fedha huenda kwenye mbolea na mbegu, kwa kuwa mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Januari inakuja na ada, sare na madaftari. Kuanzia hapo hadi maharage na mahindi mapya yatoke shambani, watu wananunua kidogo kidogo. Aliyekuwa akichukua sado nzima ya dagaa mwezi wa Agosti, Februari atachukua kikopo kimoja. Si kwamba hakupendi. Mfuko wake umebadilika, na wewe badilisha kipimo chako uendane nao.

Kalenda ya pili ni yako mwenyewe. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na vyuo vikuu hufunguliwa karibu Oktoba au Novemba. Tazama jinsi nafasi hiyo inavyolala juu ya msimu wa kahawa. Ukiitwa JKT kwa mujibu wa sheria, miezi hiyo si yako. Nenda, biashara itakungoja. Mwanachuo naye likizo yake ndefu huangukia humo humo. Aliyemaliza kidato cha nne hali yake ni tofauti, kwani anamaliza Novemba na kungoja kidato cha tano hadi katikati ya mwaka unaofuata. Miezi yake ni ya mvua na ya mifuko mitupu. Huyo namshauri alime maharage au afanye vibarua vya kupalilia, akusanye mtaji, aanze kuuza baadaye.

Kalenda ya tatu ni ya ziwa. Dagaa wa Nyasa, ambao wenyeji wa pwani ya ziwa huwaita usipa, huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu juu ya maji. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu, dagaa wakaadimika mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na bei ikapanda. Giza likirudi, mitumbwi inatoka na bei inashuka. Juu ya hayo kuna mwera, ule upepo wa kusini unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka na kuwazuia wavuvi kuingia majini. Na wakati wa masika dagaa hupatikana ila hawakauki vizuri, wakanuka kabla hujawafikisha sokoni.

Chukua karatasi moja, andika miezi kumi na miwili, kisha chora mistari mitatu: wa fedha ya kijiji, wa muda wako na wa bidhaa yako. Miezi ambayo mistari yote mitatu imekaa vizuri ndiyo miezi yako ya kufanya kazi. Huenda ikawa miwili tu kwa mwaka. Miwili inatosha.

Biashara ya mwanafunzi iwe ya kukunjika

Chuo kikifunguliwa, unaondoka. Kwa hiyo biashara yako ni lazima iweze kukunjwa kwa wiki moja bila hasara. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote, kwa sababu vijana wengi huanza na kile kinachoonekana kwa macho ya watu: fremu pale mjini Mbinga, rafu mpya, bango lenye jina. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi kadhaa mbele. Rafu hazirudishwi dukani. Septemba inaisha, hujarudisha hata nusu ya ulichoweka, na barua ya chuo ipo mkononi. Hapo ndipo duka linaachiwa mdogo mtu ambaye naye ana shule, na Desemba ukirudi unakuta rafu na vumbi.

Biashara ya kukunjika ina sifa tatu. Bidhaa yake inaisha yote kabla hujaondoka. Vifaa vyake ni vya kuazima au vya kutumika nyumbani hata biashara isipokuwepo: ndoo, sado, turubai, mizani ndogo. Na haikufungi kwenye kodi wala mkataba unaozidi likizo yako. Dagaa wakavu wana sifa hizo, na maharage pia. Chai na maandazi kwenye siku za kupima kahawa vinazo zaidi. Wakulima wametoka na mizigo kabla ya jua, foleni ni ndefu, na saa nne asubuhi kila mtu pale ana njaa. Kuku wa nyama wanahitaji moyo zaidi, kwa kuwa wao wana kalenda yao wenyewe: wakifika wiki ya tano au ya sita bila mnunuzi, kila siku wanakula faida yako.

Ukitaka biashara iendelee ukiwa chuoni, mwachie mtu kwa maandishi. Bidhaa kiasi gani, bei ya chini ni ipi, yeye anapata nini kwa kila sado, fedha inatumwa siku gani. Hata akiwa dada yako wa tumbo moja, andikeni. Maandishi hayo yanalinda undugu wenu.

Hesabu safari nzima

Barabara ya lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita zipatazo 67, imebadilisha biashara ya ziwa. Sasa unaweza kushuka alfajiri na kurudi jioni na mzigo wako. Lakini barabara hiyo hiyo inamleta mnunuzi wa Songea na wa mbali zaidi na gari lake kubwa, naye ananunua mwalo mzima kwa pumzi moja. Bei ya dagaa haipangwi tena na watu wa pwani peke yao. Ndiyo maana ninasema piga simu kabla ya kulipa nauli. Jenga urafiki na mtu mmoja mwaminifu mwaloni, awe Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, umuulize mambo matatu: jana usiku walitoka, leo bei ni ngapi, na magari makubwa yamekuja?

Kisha fanya hesabu ya safari yote, usiishie kwenye bei ya mwaloni. Nitatoa mfano, nawe weka bei za siku yako. Tuseme umenunua sado 10 kwa shilingi 8,000 kila moja, jumla 80,000. Nauli ya kwenda na kurudi 14,000. Ushuru na kupakia mzigo 6,000. Chakula cha njiani 5,000. Mifuko 3,000. Umetumia 108,000. Bado hujamaliza. Sado uliyopimiwa mwaloni ilikuwa na kilele, ila dagaa wakitikiswa ndani ya gari hushuka, na wengine huvunjika kuwa unga. Ukifika Mapera na kupima upya, zile 10 zimekuwa 9. Gawa 108,000 kwa 9 upate 12,000. Hiyo ndiyo gharama yako halisi ya sado moja. Anayeuza 11,000 huku akijisifu kwamba amepata faida ya 3,000 anapoteza 1,000 kila anapopima, na kadiri anavyouza sana ndivyo anavyofilisika haraka.

Njia nzuri ya kuipunguza gharama hiyo ni kutoshuka mikono mitupu. Milima yetu inatoa maharage na mahindi, na watu wa ziwani, ambao mihogo ndiyo tegemeo lao kubwa, wanayahitaji. Ukishuka na madebe mawili ya maharage ukayauza mwaloni, nauli imelipwa na mizigo miwili. Siku bei ya dagaa ikiwa mbaya, bado una fedha ya maharage na unaweza kurudi bila dagaa. Kurudi bila dagaa si aibu. Mnunuzi anayejiona ni lazima anunue kwa sababu ameshalipa nauli ndiye anayepandishiwa bei.

Dagaa wajaribu kwa mkono

Mwaloni usinunue kwa furaha ya kufika. Chukua dagaa wachache kutoka katikati ya gunia, wale wa juu waache, kwa kuwa wa juu wamewekwa kwa ajili ya macho yako. Vunja mmoja. Aliyekauka hukatika kwa mlio. Aliye na unyevu hujikunja, na huyo akikaa siku mbili ndani ya mfuko atawatia ukungu wenzake. Sugua kiganja cha dagaa kati ya mikono miwili kisha tazama mikono yako. Walioanikwa kwenye vichanja hukuachia magamba, walioanikwa chini hukuachia mchanga. Ukiweza, waweke kidogo kwenye bakuli la maji, mchanga utashuka chini mbele ya muuzaji, na hapo mtazungumza bei nyingine.

Mama wa Mapera anayewapikia watoto ugali na dagaa akikutana na mchanga mara moja, mara ya pili hatakuja. Wala hatakugombeza. Atapita mbele ya meza yako, akakusalimia vizuri, akaenda kwa mwingine. Wapepete dagaa wako nyumbani, toa unga na uuze kando kwa wafugaji wa kuku, upange walio safi peke yao. Kazi ya jioni moja ndiyo inayokupa jina.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Wahenga walishamaliza maneno hapa. Daftari la mwanafunzi halihitaji kuwa la kihasibu. Kurasa nne zinatosha. Ya kwanza: fedha iliyoingia kila siku. Ya pili: fedha iliyotoka, pamoja na nauli, vocha, makato ya kutuma fedha na soda uliyokunywa. Ya tatu: mzigo uliopo, ukihesabiwa kila Jumapili jioni. Ya nne: wanaodaiwa, kwa jina, kiasi na siku waliyoahidi kulipa.

Ukurasa wa pili ndio unaofundisha zaidi. Makato ya simu huonekana madogo, lakini ukitoa fedha kwa wakala kila siku kidogo kidogo, mwisho wa mwezi yamefika bei ya sado nzima. Toa mara moja kwa wiki, au lipa kwa simu moja kwa moja pale inapowezekana. Na kila unachochukua kwenye biashara kwa matumizi yako, hata dagaa wa mboga ya jioni, kiandike kama mteja mwingine. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na mchovyaji mkubwa wa biashara ndogo ni mwenyewe.

Fedha yenyewe igawe. Mababu wa Umatengo hawakuiacha mvua iteremke mlima mzima kwa mara moja; walichimba ngolo, kila shimo likakamata maji yake, na udongo ukabaki mlimani. Weka mtaji wa kununulia mzigo sehemu moja, faida sehemu nyingine, na akiba ya shule sehemu ya tatu. Watu wa Mbinga tuna sababu yetu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifunga Mbinga Community Bank kwa upungufu wa mtaji, na bima ya amana wakati huo ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mteja. Nasema hivi bila nia ya kumtisha mtu na benki. Benki na simu ni mahali salama kuliko chini ya godoro. Ninachosema ni kwamba upungufu wa mtaji unaweza kuangusha hata taasisi yenye jengo na wahasibu, sembuse meza yako. Mtaji usiuguse.

Ndugu, jirani na mkopo

Kijijini huwezi kuuza bila kukopesha kabisa. Anayekuomba ni mama mkubwa, ni mwalimu aliyekufundisha, ni jirani aliyekubeba mgongoni. Kumkatalia kila mtu ni kujitenga, na kumkubalia kila mtu ni kufunga biashara. Dawa yake ni kanuni inayotangazwa mapema na inayowahusu wote. Yangu ni hii: jumla ya madeni yote haizidi faida ya mzigo mmoja, na mwenye deni la zamani halipewi jipya. Mtu akijua kanuni si yake peke yake, haoni amedharauliwa. Ukidai, dai kwa heshima na faraghani, siku ile ile aliyoahidi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Ukichelewa kudai wiki tatu, unakuwa umeanzisha msiba mwenyewe.

Kwa upande wa nyumbani, anza kwa kikao. Wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu, ambako babu, wanawe na wajukuu walikula pamoja na kuyazungumza mambo ya ukoo. Hata kama kwenu sengu imebaki jina, ukae na baba na mama kabla ya safari ya kwanza uwaeleze: mtaji ni huu, unatoka hapa, lengo ni ada au vitabu, na bidhaa za biashara si za jikoni. Omba baraka zao, na omba wakusaidie kuilinda kanuni. Mzazi aliyeshirikishwa mwanzoni ndiye atakayemjibu shangazi kwa niaba yako. Aliyekuta gunia la dagaa sebuleni bila kuambiwa kitu, atafungua na kupika, na hatakuwa na kosa.

Mtaji utoke wapi

Sasa tunaweza kulizungumza swali la mtaji. Ulio bora ni wa jasho lako. Msimu wa kahawa unahitaji mikono ya kuchuma, na mchumaji hulipwa kwa ujazo. Wiki chache za kuchuma zinaweza kukupa mzigo wa kwanza, tena zinakuingiza mashambani kwa watu watakaokuwa wateja wako. Kipande cha ngolo ulichoomba kwa baba ukapanda maharage ni mtaji mwingine.

Kwa wanachuo, bumu lina kishawishi chake. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, na ikiingia kwa mkupuo inaonekana nyingi. Ni chakula chako cha wiki nyingi zijazo. Ulichokibakiza kwa kujibana mwishoni mwa muhula ni halali yako kukifanyia biashara. Ukilitia bumu lote kwenye mzigo siku ya kwanza, utasoma na njaa, na utauza kwa hasara kwa kuwa unahitaji kula leo.

Mkopo ukibidi, ujue milango. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu wake unapitia vikundi na ofisi ya maendeleo ya jamii, kwa hiyo unachukua muda. Anza kwa kumwona afisa wa kata yako. Vikoba vya akina mama na vijana navyo vinasaidia ukiwa mwanachama wa kweli anayenunua hisa zake kila wiki. Lakini ikimbie mikopo ya kausha damu, inayodai marejesho kila siku au kila wiki na kushikilia kitambulisho chako, kadi ya benki au godoro la mama. Kwenye simu pia tahadhari: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Biashara ya dagaa haina faida inayoweza kukimbizana na riba hizo.

Usiguse magoma

Kuna biashara moja ambayo kijana mwenye fedha kidogo atashawishiwa nayo hapa kwetu, nami nataka niiseme waziwazi. Ni magoma. Mkulima ana mgonjwa au ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, kahawa bado ipo mtini, na mtu anakuja na fedha taslimu kuinunua kwa bei ya chini mno kabla haijaiva. Kagera wanaiita butura. Faida yake ni kubwa na kazi yake ni ndogo, na ndiyo maana inavutia.

Ni kinyume cha utaratibu wa kuuza kahawa kupitia ushirika, na ukikamatwa utajibu. Lakini hata usipokamatwa, tazama ulichokifanya. Umenunua jasho la mwaka mzima la jirani yako siku aliyokuwa dhaifu kuliko siku zote. Msimu ujao hana mbolea, mwanawe harudi shule, naye hana tena fedha ya kununua dagaa wako. Sisi tuliosomeshwa na kahawa hii, wengine kwa michango ya kijiji kizima, hatuna haki ya kurudi na kuifanya elimu yetu kuwa kitanzi. Ukiwa na fedha na ukamwona jirani amebanwa, mnunulie kuku wake kwa bei ya haki, au mpe kibarua. Biashara inayomfanya mteja awe maskini haina maisha marefu, na haina heshima.

Sheria ndogo zisikuogopeshe

Mwanafunzi mwenye sado kumi za dagaa anakutana na dola mara chache, ila hizo chache azijue. Tangu mwaka 2012 Nyasa ni wilaya inayojitegemea, imetoka Mbinga, kwa hiyo mzigo wako unavuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kabla ya kupakia, uliza ofisi ya uvuvi au viongozi wa mwalo ni kibali gani na ushuru gani unahitajika kwa kiasi ulichonacho. Lipa, dai risiti ya serikali, uitunze hadi mzigo uishe. Aliye na risiti hana haja ya kubembeleza kizuizini.

Mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo binafsi, lakini namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure na TRA na itakufaa baadaye. Kuhusu mahali pa kuuzia, mwone mtendaji wa kijiji au wa kata kwanza. Dakika kumi ofisini kwake zinaokoa siku nzima ya mabishano gulioni.

Masomo yabaki mbele

Mshika mbili moja humponyoka, na wazazi wana haki ya kuliogopa hilo. Jiwekee mipaka kabla ya kuonja faida, kwa kuwa ukishaionja hutaiweka. Huuzi saa za vipindi. Husafiri wiki ya mtihani wala wiki mbili kabla yake, hata giza liwe la namna gani ziwani. Hukopi kwa ajili ya biashara ukiwa katikati ya muhula. Kama chuo chako hakiruhusu biashara bwenini, usiifanye bwenini. Dagaa, kwa harufu yao, watakuripoti wenyewe.

Lakini pia usikubali kuambiwa kwamba biashara na masomo ni maadui. Asilimia uliyofundishwa darasani unaijua kwa moyo siku unapogundua sado 10 zimekuwa 9. Mwanafunzi wa jiografia aliyewahi kusubiri giza ili anunue dagaa hatasahau awamu za mwezi. Na aliyejifunza kumsikiliza mama anayetaka kikopo kimoja, akampimia kwa uaminifu uleule wa mwenye gunia, atakuwa muuguzi, mwalimu au afisa kilimo mwenye manufaa zaidi.

Jipime hivi

Mwisho wa msimu wa kwanza usihesabu faida kwanza. Jiulize maswali manne. Mtaji wote umerudi mkononi? Kuna mtu yeyote ninayemdai au anayenidai ambaye tunaoneana aibu njiani? Bidhaa imeisha? Masomo yangu yako pale yalipokuwa, au mbele zaidi? Ukijibu vizuri yote manne na faida ikawa shilingi elfu thelathini tu, umefaulu. Elfu thelathini hizo ni zako halali, na msimu ujao utaanza ukiwa na wateja, jina na daftari lenye historia. Ukipata laki tatu huku majibu mawili yakiwa mabaya, simama urekebishe kabla ya kuongeza mzigo.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Mtoto akija na karatasi yake ya miezi kumi na miwili, kaeni naye muisome. Ninyi mnajua mwaka ambao mvua ilichelewa, mnajua malipo ya kahawa huchelewa kwa sababu gani, mnajua nani kijijini hulipa na nani hakumbuki. Ujuzi huo hauuzwi mahali popote, na ni mtaji ambao kila nyumba ya Mapera inao tayari.